Gibson ES-125 ya 1955 hapa Malindi: laki tatu ni ya gita au ni ya jina?

Laki tatu. Hiyo ndo bei iliyotajwa, na aliyeitaja si dalali, ni mama mjane wa Shela hapa Malindi ambaye marehemu mumewe alipiga kwenye bendi za hotelini miaka na miaka. Gita yenyewe ni Gibson ES-125, ile nene, ya umeme, yenye kifua kilichobinuka, ambayo wapigaji wanaiita akitopu. Mnunuzi ni kijana wa hapa hapa, anapiga hoteli za upande wa Casuarina na arusi za mjini, na yeye mfukoni ana elfu sitini na maneno mengi. Wakaniita mimi niiangalie niseme hali yake, maana natengeneza gita na udi, na wote wawili wanasema wananiamini, ambalo kwa fundi ni balaa tupu: ukitaja bei ya juu kijana anaona umepewa kitu, ukitaja ya chini unamdhulumu mjane.

Nakiandika kisa kizima kwa sababu gita kuukuu zinazotoka kwenye nyumba za Pwani huja na ubishi ule ule na watu hutazama pasipo. Gita kama hii ina hesabu mbili. Moja ni je, inapigika na itaendelea kupigika? Ya pili ni je, vitu vilivyoko juu yake ndivyo vilivyotoka navyo kiwandani? Hesabu hizi hazitembei pamoja hata kidogo, unaweza kukuta gita ni ya asili kila kitu na haipigiki, na ingine imebadilishwa nusu na inaimba vizuri ajabu, na mtu akichanganya hizo mbili ndo unasikia bei za ajabu kutoka pande zote.

Kijana alikuja keshaandaa mashtaka. Ami, ona rangi imepasuka yote. Ami, mgongo huu umekwaruzwa na kifungo cha mshipi. Ami, plastiki ya mbele haipo zimebaki tundu za skrubu, na ukiichomeka kwa spika inanguruma kama nini. Yote kweli, na karibu yote hayana uzito aliotaka nimpe.

Anza na rangi. Gibson miaka ile walipuliza laka ya nitro, yaani ile rangi ya juu inayong'aa, na nitro haiishi kukauka, inazidi kuwa ngumu na kavu mwaka hadi mwaka, huku mbao chini yake inavimba na kunywea kila hewa ikibadilika. Hapa kwetu kaskazi inapokuja na jua lake halafu kusi na mvua za Aprili, mbao haipumziki. Laka isiyoweza kunyumbuka inapasuka vistari vyembamba kama nywele, mara nyingi vinakatiza mbao kwa upana. Hiyo si ugonjwa. Anayenunua gita kuukuu anafurahi kuviona, kwa maana vinamwambia hakuna mtu aliyepaka upya, na rangi iliyopakwa upya huangusha bei ya Gibson ya zamani vibaya sana hata kama imepakwa na fundi hodari. Gita ya miaka sabini inayong'aa kama ya dukani ndo ungepaswa kuiogopa.

Lakini mistari peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa hiyo nikaazima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia kwa jamaa wa M-Pesa pale chini. Mama akatufungia madirisha na kutundika leso juu ya pazia, tukaizungusha taa polepole. Laka kuukuu ya nitro chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa kijanikijani kama umanjano, na rangi iliyopulizwa juzi ama haitoi kitu ama inatoa rangi ingine. Kifua chote, sawa. Mgongo, sawa, hata mikwaruzo ya mshipi ikaonekana wazi kwamba imekula laka ya asili. Kichwa, sawa. Tulipofika kwenye kisigino cha shingo, pale shingo inapoingia mwilini, mwanga ukakatika. Kulikuwa na pete nyeusi upana wa kama vidole viwili, imezunguka kisigino na kumwagikia kidogo ubavuni. Mtu kapuliza laka ingine pale, na mtu hapulizi laka pale bila sababu. Nikanyamaza kwanza, nikamwambia mama tutaendelea, kwa sababu sikutaka kijana aanze kushusha bei kabla sijajua ni nini.

Umri ulikuwa rahisi. Mtoto wa mama aliye Nairobi alikuwa keshawaambia nyumbani kwamba gita ni ya 1941, ya wakati wa vita, kwa kuwa kasoma mahali kuwa ES-125 ilianza mwaka huo. Jina kweli lilianza 1941, ila hii yenye pikapu ya P-90, yaani kile kinasa sauti cha nyuzi kinachoipeleka kwa spika, ni ya baada ya vita, waliirudisha 1946. Na hii haina lebo yenye namba ndani kama zilivyo Gibson za bei kubwa, ilikuwa gita ya mpigaji wa kawaida, ya bei nafuu kuliko ES-175 iliyokuja 1949. Wao walipiga muhuri wa kundi la kiwandani kwenye mbao ya mgongo kwa ndani. Ukimulika na tochi ya simu kupitia tundu ya kifuani yenye umbo la herufi f, ya upande wa nyuzi nene, unaona herufi, halafu tarakimu nne, halafu namba ya gita ndani ya kundi lile. Herufi zinarudi nyuma: Z ni 1952, Y ni 1953, X ni 1954, na kushuka hivyo mpaka Q ambayo ni 1961. Yetu ilikuwa na W, imefifia lakini inasomeka. Kwa hiyo 1955, Kalamazoo, Michigan, ambako Gibson walikuwa na kiwanda chao wakati huo.

Sasa shingo, na hapa ntakaa, maana gita yote iko hapa.

Mtu wa kawaida akiikamata gita hii anasema nyuzi ziko juu. Kweli, nilipima nafasi kati ya uzi na freti ya 12, freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, ikawa milimita 4 upande wa uzi mnene, wakati unataka kama 2. Ajabu yake ni kwamba nyuzi ziko juu hivyo na bado freti tatu za mwanzo zinalia vrrr ukizigusa. Vitu viwili vinavyopingana kwenye gita moja, hapo ujue kuna mtu alijaribu kutibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine. Nikafungua kijifuniko cha kichwani kinachoficha nati ya trasrodi, yaani ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Nati imekazwa mpaka mwisho. Basi nimeelewa: nyuzi zilipopanda, mtu akadhani fimbo ndo ya kushushia nyuzi, akakaza, akakaza, shingo ikapinda kwa nyuma kidogo, nyuzi zikalala juu ya freti za mwanzo, na kule freti ya 12 hazikushuka kitu cha maana.

Nawaomba wapigaji mlielewe hili hata kama hamtonunua akitopu maishani. Trasrodi kazi yake ni kunyoosha mkunjo wa shingo peke yake. Pembe ambayo shingo inaingia nayo mwilini ni jambo lingine kabisa, na hiyo haina nati ya kukaza. Kukaza trasrodi kwa tatizo la pembe ni kama kukaza breki ya baiskeli kwa sababu tairi haina upepo.

Nikalegeza nati kidogo kidogo, nyuzi zikiwa zimepandishwa sauti yake kamili, nikaiacha shingo itulie. Kisha nikabana uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya 14, ambapo shingo ya ES-125 inakutana na mwili, nikapenyeza fila geji ile ile ya makanika ya kupimia valvu pale freti ya 7. Ikaingia ya robo milimita, barabara kabisa. Maana yake mbao ya shingo ni nzima, haikupinda, haikujipinda pembeni, na trasrodi inafanya kazi. Hiyo ni habari njema kubwa, na kijana hakuijua thamani yake.

Habari mbaya ilikuja na rula. Unachukua rula ndefu ya chuma iliyonyooka, unailaza juu ya freti katikati ya shingo na kuiacha ielekee kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifua. Gita yenye pembe nzuri, ncha ya rula itagota karibu na juu ya daraja. Yetu iligota chini sana, karibu na kitako cha daraja. Na daraja lenyewe, ambalo kwa gita aina hii huwa limesimama kama sentimita mbili na kitu juu ya kifua, hapa lilikuwa milimita 17 tu, zile gurudumu ndogo za kupandishia zimeshushwa mpaka zimegusa mbao, na kitako kimesagwa kwa msasa chini, alama za msasa zipo. Yaani hakuna tena pa kushuka. Na hesabu yake ni rahisi: freti ya 12 iko katikati ya uzi, basi ukitaka kushusha milimita 2 pale, darajani ushushe 4. Na 4 hazipo.

Kuna mtu angesema labda kifua kimezama. Hapana, fikiria kidogo. Kifua kikizama, daraja linazama nacho na nyuzi zinashuka, ungekuta gurudumu zimepandishwa juu na si kushushwa. Hata hivyo nilikagua, nikaweka rula kukatiza kifua mbele na nyuma ya daraja, na nikaingiza kioo kile cha daktari wa meno na balbu ndogo ndani kupitia tundu ya f. ES-125 kifua chake ni mbao ya mepo (maple) ya tabaka iliyokandamizwa kupata umbo, haikuchongwa kutoka kwenye mbao nzima ya spruso (spruce) kama zile za bei mbaya, na kwa Pwani mimi naiona hiyo ni heri, tabaka hazipasuki ovyo. Kifua kiko sawa. Boriti moja ya ndani, ya upande wa nyuzi nyembamba, imeachia mwisho wake kama urefu wa kidole, ndo iliyokuwa inatoa mlio ule wa kibatibati ukipiga G. Gundi kidogo na jeki ndogo ya kusukumia kwa ndani, kazi imeisha, wala sikuihesabu kwenye bei.

Basi tukarudi kwenye ile pete nyeusi ya kisigino. Gibson waliunganisha shingo kwa kiungo cha davuteli, chenye umbo la kabari, na gundi ya ngozi. Gundi ya ngozi ni nzuri kwa sababu moja kuu ambayo watu hawaipendi: inaachia. Ikipata joto na unyevu inalainika, na gita iliyofungiwa ndani ya gari juani au ikakaa miaka kwenye chumba chenye jasho la bahari, kiungo kinaanza kuchezacheza na nyuzi zinaivuta shingo mbele. Fundi akitaka kuirekebisha anatoa freti ya 15, anatoboa katundu kadogo, anapitisha mvuke mpaka kwenye kiungo, shingo inatoka, anachonga kisigino kupata pembe sahihi, anairudisha. Kazi ya heshima, ya kawaida, imefanyika kwenye gita nyingi sana duniani na haiui thamani ikifanywa vizuri.

Nilijaribu kuona kama kiungo kinacheza. Nyuzi zimekazwa, nikaishika shingo na kuisukuma taratibu mbele na nyuma nikitazama kisigino, na nikajaribu kupenyeza kipande cha karatasi pembeni. Hakuna. Imara kama jiwe. Kijana akafurahi, akasema si unaona ami, shingo ngumu. Mimi sikufurahi. Pembeni mwa kisigino, chini kabisa, kulikuwa na tone dogo la gundi lililovujia nje wakati wa kubana. Nikaliwekea pamba yenye maji ya moto dakika kadhaa. Gundi ya ngozi ingelainika na kunata, gundi nyeupe ya mafundi mbao ingegeuka nyeupe zaidi na kulegea. Hili halikushtuka. Nikapasha moto ncha ya kisu, nikaligusa, likawa laini kama mpira na harufu ile ya kemikali ikatoka. Epoksi. Ile ya mirija miwili unayochanganya.

Mama aliposikia akakumbuka. Marehemu aliipeleka gita Mombasa wakati fulani kwa sababu shingo ilikuwa ikichezacheza, na ikarudi imekazana, naye akawa anaisifu kazi ile, ila tangu hapo akawa analalamika vidole vinamuuma. Hapo kila kitu kikakaa mahali pake: kiungo kiliachia, shingo ikasogea mbele, na aliyeitengeneza akaijaza epoksi na kuibana pale pale ilipokuwa, katika pembe mbaya, akafunika na laka. Daraja likasagwa ili kufidia, na trasrodi ikakazwa ili kufidia. Sina ugomvi na aliyefanya, pengine aliambiwa aifanye usiku huu kesho kuna shoo. Lakini epoksi pale ndani ndo kitu kimoja kilichoikata hii gita bei kuliko mikwaruzo, rangi na plastiki ya mbele kwa pamoja. Mvuke hauibandui. Inataka joto kubwa zaidi, na joto hilo linatishia laka, linatishia kubandua fingabodi, ile mbao ya juu ya shingo inayobeba freti, na mara nyingine shingo inatoka na vipande vya mbao ya mwili. Kuna watu wanaiweza, ila si kazi ya kumwambia mtu nipe wiki moja.

Nikaangalia nyuma ya kichwa pia, maana Gibson za miaka ile kichwa kimelala nyuma kwa pembe ya digrii 17, mbao yake ni mkangazi wa Marekani, na pale karibu na nati ya trasrodi wamechimba shimo, kwa hiyo gita ikianguka inavunjikia hapo hapo. Nikamulika kwa taa ya pembeni ikwaruze uso wa mbao. Hakuna ufa, hakuna kiraka. Mashine za kukazia nyuzi zimebadilishwa, tundu za skrubu za zile za zamani zinaonekana chini ya hizi mpya, na hilo silishangai, zile za zamani vishikio vyake vya plastiki huoza na kumeng'enyeka vyenyewe mkononi. Freti zimeliwa tatu za mwanzo lakini zina miaka mbele yake.

Wadudu. Kwa nyumba za Malindi huwezi kuacha hili. Kasha la gita lilikuwa limeliwa, ukilifungua linamwaga unga, na mama alikuwa na hofu gita nayo imeingiliwa. Kulikuwa na vitundu vichache vya sindano ndani karibu na kitako. Nikaigonga gita, nikaikung'uta, nikaiacha juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi karatasi safi. Vitundu ni vya zamani na mwenye navyo kashakufa. Kasha nikamwambia alichome.

Umeme sasa, ambako kijana alikuwa na hakika pikapu inakufa. P-90 ni koili moja tu, na koili moja inanguruma, ndo maumbile yake, inaokota ule mvumo wa hezi 50 wa stima yetu. Alama ya kutazama ni nini kinatokea ukigusa nyuzi: mngurumo ukipungua, waya wa ardhi unaoenda kwenye chuma cha kushikia nyuzi uko mzima. Ulipungua. Multimita ikasoma kilo-omu 7.9, ambapo P-90 ya wakati ule unaitarajia iwe, saba hadi tisa hivi. Nikazivua swichi za volyumu na toni na kuzitoa kupitia tundu ya f zikiwa zimefungwa uzi, ili niweze kuzirudisha nilivyozikuta, maana kuzivua bila kuzifunga uzi ni kujitafutia kazi ya kuvua samaki tumboni mwa gita. Volyumu ina namba inayoanza 134, ambayo ni Centralab, inafuata 5, kisha 38. Yaani wiki ya 38 ya 1955. Inakubaliana na ile W ya mgongoni, na lehemu yake haijaguswa, imefifia sawasawa. Toni ni mpya, jeki ya kuchomekea waya ni mpya. Chuma cha kushikia nyuzi kimekula chumvi mpaka kina vidondavidonda, ila ni chenyewe.

Basi kwa hesabu ya asili: mwili, rangi, shingo, pikapu, volyumu, ni vya kwake. Vilivyoondoka ni mashine za nyuzi, toni, jeki, plastiki ya mbele, kitako cha daraja kimesagwa. Kwa gita ya miaka sabini hayo ni madogo, mengi yanapatikana. Kwa hesabu ya kupigika: shingo nzima katika pembe mbaya, imefungwa kwa gundi isiyotaka kufunguka.

Mtoto wa Nairobi akapiga simu tukiwa hapo hapo, loudi spika. Hoja yake ilikuwa kwamba Marekani hizi huuzwa dola elfu mbili na kuendelea, na hilo ni kweli kwa iliyo safi, yaani laki mbili na nusu na zaidi za kwetu, basi tumpe Muitaliano mmoja anayemjua aipeleke kwao. Nikamwambia mwanangu, kwanza hiyo bei ni ya gita ambayo haijatiwa epoksi. Pili, fingabodi ya Gibson za miaka ile ni rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, na mti huo uko kwenye orodha ya kwanza kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya miti na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Ule msamaha wa 2019 wa ala za muziki uliwahusu ndugu zake wengine, yeye hakuhusika. Kuivusha mpaka kuuza kunataka vibali, hapa Kenya ni KWS, na huko inakokwenda nako wana vyao, na bila karatasi gita inaweza kuishia mikononi mwa forodha. Akakaa kimya kidogo, akasema basi mama aamue.

Mimi niliandika laki na thelathini. Kijana akaruka, akasema ami umesema mwenyewe shingo mbovu. Nikamwambia shingo si mbovu, pembe ndo mbovu, na elfu sitini haikupi hata gita ya kiwanda ya mwaka jana yenye jina la maana, sembuse mwili wa 1955 ambao haujapasuka na P-90 yake ndani. Na nikamwambia mama laki tatu ni bei ya gita ambayo siyo hii. Nilichokikata kutoka bei ya gita safi ni gharama na hatari ya kuitoa shingo ile siku moja, na kidogo kwa vile vitu vilivyobadilishwa. Mikwaruzo sikuikatia hata shilingi. Mama akauliza swali moja tu, kama mimi ningekuwa nanunua ningetoa hiyo. Nikasema ndiyo. Wakakubaliana laki na thelathini, tisini papo hapo kwa M-Pesa na arobaini baada ya msimu wa Disemba kijana akishapiga hotelini.

Kuhusu ile pembe, hatukugusa kiungo. Nilichonga daraja jipya la kipande kimoja, bila gurudumu, kutoka mpingo, ambao nao ni Dalbergia wa kwetu. Daraja la kupandisha na kushusha lina kitako, gurudumu na tandiko juu, haliwezi kuwa fupi kupita kiasi, lakini kipande kimoja unaweza kukichonga mpaka milimita 13 na kikabaki na nguvu. Chini unakilinganisha na kifua kwa kulaza msasa juu ya kifua uso ukitazama juu na kulisugua daraja hapo hapo litakapokaa, mpaka ligande bila mwanya. Juu unakata ngazi ngazi ili kila uzi uimbe sawa huku mwisho wa shingo. Nikamshusha kutoka nyuzi za unene wa 12 hadi nyembamba zaidi za 11, mvuto upungue. Freti ya 12 sasa ni milimita 2.2 upande mnene na 1.8 upande mwembamba. Hasara ipo: daraja fupi linafanya nyuzi zilikandamize kwa nguvu kidogo tu, sauti ina mwili mdogo kuliko ingekuwa, na ukipiga kwa fujo uzi wa E mwembamba unateleza kwenye mfereji wake. Kupita freti ya 14 sauti inakabwa na nilimwambia mapema asitegemee solo za huko. Daraja la zamani, lililosagwa, nimelitia bahasha pamoja na kijikaratasi cha vipimo, liende na gita popote itakapokwenda, maana atakayeitoa shingo ile atalitaka.

Juzi kijana kaniletea wazo jipya, anataka aondoe P-90 atie hambaka, pikapu ya koili mbili, ili mngurumo uishe. Nimekataa. Hambaka ya kawaida haingii kwenye tundu lile bila kukata kifua, na kifua kikikatwa hiyo laki na thelathini haipo tena, atauza nini. Nimemwambia aanze na soketi za jukwaa la hoteli anapopiga, nilizipima, mbili hazina waya wa ardhi, na aache kusimama na gita karibu na ile friza ya soda.